Mgonjwa wa Ukerewe anavuka mikoa mitatu kufika Mwanza. Nani anapanga safari yake?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwafikie wajumbe wa Kamati ya Ushauri ya Mkoa wa Mwanza, wenzao wa Mara na Simiyu, na sisi wananchi wa visiwani ambao jambo hili linatugusa kila wiki. Mimi ni muuguzi mkunga mstaafu. Nimefanya kazi katika zahanati za visiwa vya Ukerewe tangu ujana wangu hadi umri wa kustaafu, na sasa naishi Murutunguru, nalima mihogo na michungwa. Majirani bado wanakuja kunigongea usiku wakiona mama mjamzito amebadilika.

Naomba msomaji achukue ramani tuifuate pamoja. Ukerewe ni wilaya ya Mkoa wa Mwanza. Mgonjwa akiandikiwa rufaa pale Nansio kwenda hospitali za Sekou Toure au Bugando jijini Mwanza, na saa hiyo hakuna meli, anapelekwa kwa gari hadi gati la Rugezi, anavuka kwa kivuko hadi Kisorya. Akikanyaga Kisorya yuko Wilaya ya Bunda, Mkoa wa Mara. Anapita Bulamba, anafika Bunda mjini, anashika barabara kuu, analipita lango la Ndabaka la Hifadhi ya Serengeti, kisha anaingia Lamadi, ambayo ni Wilaya ya Busega, Mkoa wa Simiyu. Ndipo anapofika Magu, amerudi katika mkoa wake, apite Kisesa na kuingia jijini. Ametoka Mwanza kwenda Mwanza, na katikati amekatiza Mara na Simiyu.

Kila mkoa kati ya hiyo mitatu una Kamati yake ya Ushauri, ambayo mwenyekiti wake ni Mkuu wa Mkoa, na ndani yake wapo wakuu wa wilaya, wabunge, wenyeviti na wakurugenzi wa halmashauri. Kila mkoa una Bodi yake ya Barabara. Kila mmoja unakaa, unaangalia kipande chake, unaandika taarifa yake. Kipande cha Kisorya kwa watu wa Mara ni pembezoni kabisa mwa mkoa. Kipande cha Lamadi kwa Simiyu ni barabara kuu ya watu wanaopita. Kwetu sisi vipande hivyo ni njia moja ya kwenda hospitali, na mtu mwenye jukumu la kuiangalia yote, toka mwanzo hadi mwisho, simjui hadi leo.

Ukiachana na mipaka ya mikoa, ziko ofisi. Zahanati iko chini ya halmashauri, na halmashauri iko TAMISEMI. Miongozo ya rufaa inatoka Wizara ya Afya. Barabara ya kijijini ni ya TARURA, ile kubwa ni ya TANROADS. Kivuko kinaendeshwa na TEMESA chini ya Wizara ya Ujenzi. Usalama wa vyombo vya majini unasimamiwa na TASAC, na njia na nauli za mabasi ziko LATRA, wote wakiwa upande wa Wizara ya Uchukuzi. Silalamikii taasisi hata moja kati ya hizi. Nimefanya kazi na watumishi wao, wengi wanajituma. Ninachosema ni kwamba kila mmoja anaulizwa kuhusu chombo chake au jengo lake: je, kivuko kinafanya kazi? Je, lami imefika? Je, wodi imekamilika? Swali ambalo haliulizwi ni hili: mtu aliyetoka nyumbani kwake alfajiri amefika alikokuwa anakwenda, na saa ngapi?

Nieleze kwa mfano mmoja wa kazini. Nilikuwa na mama wa uzazi wa kwanza, binti mdogo kutoka familia ya wavuvi. Uchungu ulianza vizuri. Alasiri njia ilikuwa imefunguka sentimita saba, ikasimama hapo hapo. Kwenye patografu, karatasi tunayochorea mwendo wa uchungu, mstari wake ukavuka mstari wa tahadhari, mapigo ya moyo wa mtoto yakaanza kushuka kila uchungu unapokuja. Mkunga yeyote anajua maana yake: huyu anahitaji chumba cha upasuaji, na anakihitaji mapema. Nikaandika rufaa. Tukambeba kwa machela hadi mwaloni, pale mitumbwi ya wavuvi inapoegeshwa. Mitumbwi yenye injini nzuri ilikuwa imeshaondoka kwenda kwenye dagaa, kwa sababu giza la mwezi lilikuwa limeingia na wavuvi hawawezi kuacha usiku kama ule. Tukapata mtumbwi wa mzee mmoja, injini ndogo, petroli tukachangishana pale pale. Tulipofika gatini, kivuko kilikuwa kimemaliza kazi ya siku.

Aliyetuokoa ni nahodha ambaye nilikuwa na namba yake ya simu. Niliwahi kumzalisha mke wake. Alitoka nyumbani akala njiani, akawaita wenzake wawili, tukavuka. Ng'ambo alitusubiri kijana mwenye mchomoko, gari dogo la abiria, naye nilimpigia kwa sababu aliwahi kumleta shangazi yake kliniki kwangu. Binti yule alipasuliwa usiku ule, mtoto akalia, na leo mtoto huyo anasoma.

Tangu hapo niliweka daftari. Humo niliandika namba ya nahodha, ya mlinzi wa gati, ya wenye mitumbwi wa kila mwalo na nguvu ya injini zao, ya madereva wa ng'ambo, ya wauguzi wa zamu wa hospitali za mbele. Niliposikia nahodha amehamishwa, nilikuwa siwezi kulala vizuri hadi nipate namba ya aliyekuja. Siku ya kustaafu nililikabidhi kwa muuguzi kijana aliyechukua nafasi yangu, pamoja na funguo za kabati la dawa. Ninaandika haya kwa uchungu kwa sababu naamini maisha ya watu zaidi ya 380,000, kwa sensa ya 2022, waliosambaa katika wilaya yenye visiwa 38, hayafai kutegemea daftari la mkunga mmoja na watu aliowahi kuwatendea wema. Muuguzi mgeni aliyepangiwa kisiwani jana, asiyemjua nahodha wala mwenye mtumbwi, mgonjwa wake ana haki ile ile.

Wapo watakaosema kupanga safari ya namna hii haiwezekani, ziwa halina adabu, upepo wa kusi wa Juni hadi Agosti hauna ratiba. Ninawajibu kwa jambo lililofanyika katika mkoa wetu huu huu. Mfumo wa m-mama ulianza kwa majaribio Sengerema na Shinyanga, kisha 2022 ukazinduliwa kitaifa. Mhudumu wa zahanati anapiga 115 bila malipo. Anayepokea anauliza dalili, anaamua mgonjwa apelekwe kituo gani, anatafuta gari la wagonjwa, na likiwa mbali anamwita dereva wa kijijini aliyesajiliwa, ambaye analipwa kwa safari aliyoifanya. Wakati gari liko njiani, hospitali imeshaambiwa nani anakuja na ana tatizo gani. Sikilizeni vizuri ndugu zangu wajumbe: hapo hakuna jengo jipya. Kuna mtu mmoja mezani mwenye simu na orodha, na ana mamlaka ya kusema nenda. Lile daftari langu limefanywa kuwa kazi ya serikali, na likawa bora mara nyingi kuliko nilivyoweza mimi.

Lakini m-mama ni ya mama mjamzito, aliyejifungua, na mtoto mchanga. Mzee ambaye ngiri imembana ghafla hayumo. Mtoto wa miaka sita aliyeanguka kutoka juu ya mwembe hayumo. Mvuvi aliyekatwa na propela ya injini, damu inavuja, amefungwa kanga mguuni, hayumo. Hao bado wanategemea nani anamjua nani.

Kuna jambo jingine ninalotaka wakubwa walikumbuke, ingawa kulitaja kunaniumiza. Alhamisi ya tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa karibu kabisa na gati la Bwisya, kisiwani Ukara, kikitoka Bugolora. Kiliruhusiwa kubeba abiria 101. Waliokufa walizidi 220. Siku ile ilikuwa siku ya gulio Bugolora, na gulio si jambo la kushtukiza. Siku yake inajulikana, wauza mitumba wanaijua, wenye mahindi wanaijua, mkusanya ushuru anaijua. Kila mtu wa Ukara alijua kwamba jioni ya gulio watu na mizigo ni mara kadhaa ya siku za kawaida. Mahali ambapo ujuzi huo haukufika ni pale inapopangwa idadi ya safari za chombo. Baada ya msiba, fedha za rambirambi zilizobaki zilielekezwa kujenga kituo cha afya cha Bwisya. Nimekwenda pale, nimeona wodi, nimemshukuru Mungu. Ila sipendi tungoje msiba ndipo huduma na usafiri vizungumzwe katika sentensi moja.

Na gulio ni mfano mmoja tu wa mahali ambapo saa za huduma na saa za vyombo hazijakutanishwa. Chukua kliniki ya presha na kisukari. Mzee anatoka kisiwa kidogo, chombo kinamfikisha karibu na adhuhuri. Kliniki imetoa namba tangu asubuhi, na waliopata namba ni wenyeji wa mjini walioamka wakatembea. Anaambiwa arudi kesho. Kesho maana yake ni gesti, chakula, na pengine kulala barazani kwa mtu. Wengi hawarudi kesho, wanarudi kwao, dawa zinakatika, na baada ya miezi tunawapokea wamepooza upande. Nimewaona. Kuwawekea wagonjwa wa visiwani namba za mchana kungegharimu karatasi moja iliyobandikwa mlangoni.

Shule ndiyo inayonisumbua zaidi, kuliko hata hospitali. Mtoto wa kisiwa kisicho na sekondari anachaguliwa kidato cha kwanza katika shule iliyo kisiwa kingine. Chombo cha kumpeleka asubuhi na kumrudisha jioni hakipo. Mzazi anamtafutia chumba karibu na shule, wenyewe wanaita geto, anamwachia unga, dagaa na shilingi kidogo. Ni msichana wa miaka 14 anayejipikia mwenyewe, analala peke yake au na mwenzake wa umri huo huo, mlango wa bati unafungwa kwa kufuli la elfu mbili. Mimi nimekaa upande wa pili wa hadithi hiyo. Nimewapokea wodini watoto wa kidato cha pili, nyonga zao hazijakomaa, wanamlilia mama yao aliye kisiwa cha tatu. Katika vikao tunaambiwa hili ni tatizo la maadili. Kwa niliyoyaona mimi, chanzo chake cha kwanza ni kwamba shule ilijengwa bila mtu kuuliza mwanafunzi wa mwisho atafikaje na kurudi. Au liwepo bweni, au uwepo mtumbwi wa shule wenye nahodha anayejulikana na maboya ya kutosha watoto wote. Shule ikikosa vyote viwili, kwa mtoto yule ni kama haijajengwa.

Mambo ya vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa, uhakiki wa pensheni na kesi za ardhi sitayaeleza kwa urefu, kila anayeishi huku anayafahamu. Siku ya ofisi na siku ya chombo hazilingani.

Sitaki nionekane sioni yaliyofanyika. Juni 19, 2025 Rais Samia alizindua Daraja la Kigongo–Busisi, kilomita tatu juu ya maji, kazi iliyogharimu zaidi ya Sh700 bilioni. Wagonjwa wa Sengerema na Geita waliokuwa wakisubiri kivuko usiku sasa wanapita wamelala kwenye gari la wagonjwa bila kusimama. Nililia nilipoona picha, kwa sababu najua kina mama waliojifungulia kwenye foleni ya kile kivuko. Lami ya kilomita 51 kati ya Bulamba na Kisorya nayo imetupunguzia mateso makubwa. Zamani kipande kile kilimmaliza mgonjwa aliyevunjika mfupa kabla hajaona daktari. Meli ya kutoka Nansio hadi Mwanza nayo tunaishukuru. Wapo wenzangu wanaodai daraja la Rugezi na Kisorya, na wana hoja. Ila ninachoomba leo hakihitaji zege wala mkandarasi.

Ninaomba Mkuu wa Mkoa wa Mwanza awaalike wenzake wa Mara na Simiyu, wakae siku moja, wakiwa na TEMESA, TASAC, LATRA, TANROADS, TARURA na waganga wakuu wa mikoa na wilaya katika chumba kimoja, na ajenda iwe safari moja tu: kutoka kisiwa cha mbali cha Ukerewe hadi mlango wa hospitali jijini. Waipitie hatua kwa hatua. Pale panapokosekana chombo, waandike. Pale ambapo chombo kipo lakini saa hazikutani, wazirekebishe hapo hapo, maana wote wenye uwezo wa kuzirekebisha watakuwa wamekaa meza moja. Haisi inayoondoka Kisorya dakika chache kabla kivuko hakijafunga gati inaweza kuambiwa isubiri. Hilo halihitaji bajeti.

Kikao hicho kitoe karatasi moja ya ratiba, kwa Kiswahili cha kawaida na saa za Kiswahili, yenye chombo cha kwanza na cha mwisho, meli, mabasi, siku za kliniki na siku za magulio. Ibandikwe kila mwalo, kila zahanati, kila shule na kila ofisi ya kijiji, na ikibadilika ibadilishwe kabla mtu hajapoteza nauli. Naomba pia kila gati liwe na kikosi cha usiku cha dharura chenye namba moja ya simu isiyobadilika hata nahodha akihamishwa, na vijana hao walipwe posho ya kuitwa kama tunavyolipwa sisi wauguzi na madaktari tukiitwa usiku. Nahodha wangu yule hakulipwa hata senti. Alifanya kwa ubinadamu wake, na ubinadamu wa mtu mmoja huchoka akiitwa kila siku bila hata kushukuriwa na mwajiri. Wenye mitumbwi nao wasajiliwe kama walivyosajiliwa madereva wa m-mama, wapewe maboya, petroli ya dharura iwekwe zahanati chini ya usimamizi wa serikali ya kijiji, na 115 au namba nyingine kama hiyo ihudumie kila mgonjwa mahututi wa visiwani.

Kisha kuwe na sharti: halmashauri ikipeleka mkoani pendekezo la kujenga zahanati, sekondari, soko au ofisi mpya, waraka huo uwe na ukurasa unaoeleza watu watafikaje, kwa chombo gani, saa ngapi, na watarudi saa ngapi. Ukurasa huo ukikosekana, pendekezo lirudishwe.

Mwisho naomba jambo moja kuhusu watakaoalikwa. Wasiwe wakuu wa idara peke yao. Waiteni manahodha wa mitumbwi, waiteni wakunga wa zahanati za Irugwa na Ukara, na mwalimu mmoja wa sekondari anayejua wanafunzi wake wanalala wapi. Wao ndio wanaojua ni saa ngapi ziwa linachafuka, mwalo upi gari linafika masika na upi halifiki, na nani ana injini inayowaka kwa mkono mmoja. Mimi nipo Murutunguru, miguu bado ina nguvu. Nikiitwa kikaoni nitakuja, mradi nijulishwe mapema niwahi chombo cha asubuhi.

Mkunga mstaafu,
Murutunguru, Ukerewe